Likizo ya Kokoto

Nina ugomvi na watu wanaopumzika kwa bidii. Kwetu Usambara mtu aliyechoka hukaa. Akizidi kuchoka hulala, na hakuna mwenye adabu zake atakayemuuliza amelala kilomita ngapi. Huku Ujerumani ninakoishi, mtu aliyechoka huanza kwa kununua vifaa. Hununua saa ya kumhesabia mapigo ya moyo, viatu vyenye chuma kwenye soli ambavyo huwezi kuendea hata dukani, na kaptula yenye sponji sehemu ya kukalia. Kisha hutafuta mlima. Akishaupata, huuliza kama mlima huo una barabara mbovu. Jioni anarudi amepauka kwa vumbi, anachechemea, goti limechubuka, na anakwambia kwa uso wa bashasha kwamba leo amepumzika kweli kweli.

Ugonjwa huu una baiskeli yake, inaitwa graveli. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni ya mashindano, maana usukani wake umepinda kuelekea chini na fremu ni nyepesi hata unaona aibu kuisifu. Ukiisogelea unakuta matairi mapana, milimita 40 na kuendelea, yenye vimeno vya kung'ata kokoto. Tyubu kwa kawaida hakuna. Ndani ya tairi humiminwa dawa nyeupe ambayo mwiba ukitoboa hukimbilia tundu na kuliziba yenyewe. Fundi wetu pale Soni, aliyesomesha watoto kwa beseni la maji, kipande cha msasa na kopo la solushen, angesikia habari hiyo angekwenda mahakamani. Gia ya mbele mara nyingi ni moja, za nyuma 11 au 12, breki ni za diski. Madigadi hamna, kerieri hamna, stendi hamna. Huwezi kupakia gunia la viazi wala shangazi. Na bei yake inanunua bajaji, ambayo walau ingeleta hesabu jioni.

Kwetu rafu rodi ni ahadi ambayo mbunge bado hajaitimiza. Huku imekuwa bidhaa. Mjini Emporia, katika jimbo la Kansas huko Marekani, watu hugombania nafasi ya kuendesha maili 200, yaani kilomita 320 na ushei, juu ya mawe makali yanayochana matairi. Na tangu 2022 chama cha kimataifa cha mchezo wa baiskeli, UCI, kina ubingwa wa dunia wa kupita barabara za namna hiyo. Sisi tuliokulia njia ya Bumbuli hatukualikwa, ingawa mazoezi tulianza tukiwa tumebebwa mgongoni.

Aliyeingiza ugonjwa nyumbani kwangu ni shemeji, mdogo wake mama watoto. Kwao ni Mombo, bondeni kabisa, na enzi zile hakuwa anapanda kwenda Lushoto kuwaamkia wajomba bila kulipiwa nauli. Ile barabara ya kona juu ya kona, zaidi ya kilomita 30, tuliipanda sote ndani ya basi. Baiskeli nazo zilipanda, zikiwa zimefungwa juu ya paa, na sikumbuki abiria hata mmoja aliyeomba kubadilishana nazo nafasi. Leo shemeji anafanya kazi Leipzig na ana graveli mbili: moja yake, na nyingine ya kumtesea mgeni.

Daktari alimshauri mama watoto akatulize tumbo kwenye maji ya tiba. Tunaishi Chemnitz, na ukivuka milima kuingia Ucheki unaifikia Karlovy Vary, mji ambao Wajerumani huuita Karlsbad na ambao kazi yake kwa karne nyingi imekuwa kutuliza matumbo. Mimi nilikubali kwa moyo mmoja. Nilijiona nimelala ndani ya maji ya moto, taulo kichwani, macho nimefumba. Kumbe mama watoto alishampigia mdogo wake simu. Tulipofika hotelini, gari la shemeji lilikuwa limeshaegeshwa, na baiskeli zote mbili ziko juu ya paa zikinisubiri.

Hadithi ya mjini inasema Mfalme Karl wa Nne alikuwa akiwinda kulungu katika bonde lile karne ya 14, mbwa wake akatumbukia kwenye maji ya moto na kupiga mayowe. Tafakari hapo, msomaji. Mbwa alitoa onyo kwa sauti kubwa, wao wakajenga hoteli. Chemchemi mashuhuri kuliko zote, Vřídlo, ina joto la nyuzi 73 na hurusha maji hadi mita 12 hewani. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza mji huo katika urithi wa dunia pamoja na miji mingine kumi ya Ulaya ya maji ya tiba, hivyo sasa hata kuungua kwa mbwa yule kunalindwa na mkataba wa kimataifa.

Maji yenyewe hayaogwi tu, yananywewa. Yananywewa moto, kutoka kwenye kikombe bapa cha kaure ambacho mkono wake una tundu la kufyonzea. Ladha yake ni chumvi, chuma na majuto. Daktari hukuandikia chemchemi gani, vikombe vingapi, saa ngapi, nawe huku unafyonza unatembea polepole chini ya nguzo 124 za jengo alilolichora Josef Zítek, lililokamilika 1881. Nilitaka kunywa nimeketi. Mama watoto akanikazia macho: kunywa huku unatembea ni sehemu ya dawa. Nikauliza sheria hiyo kaitunga nani, nikaambiwa ni David Becher, daktari wa mji huo wa karne ya 18. Kabla ya hapo wagonjwa walilowekwa kwa saa nyingi mfululizo mpaka ngozi ikachanika, kwa imani kwamba ugonjwa utatokea hapo penye mchaniko. Baadaye ukaja wakati wa kunywa makumi ya vikombe kwa siku. Becher akapunguza vikombe, akaongeza matembezi, na watu wakamshukuru. Mimi namshuku. Ukiona Mzungu hawezi kupumzika mpaka miguu iwe inakwenda, mzizi wa fitina ni huyo.

Wakubwa wote wamepita hapo. Peter Mkuu wa Urusi alikuja 1711 akarudi 1712. Goethe, mshairi wa Wajerumani, alikuja mara 13. Aliyenishtua ni Karl Marx. Chemnitz yetu, kuanzia 1953 hadi 1990, iliitwa Karl-Marx-Stadt, na hadi leo kichwa chake cha shaba cha mita 7 kimekaa katikati ya mji kikitukazia macho tunaochelewa kazini. Sisi tulioimba Ujamaa paredi shuleni tulidhani mzee huyo alishinda viwandani na wafanyakazi. Kumbe 1874, 1875 na 1876 alikuwa Karlovy Vary, anatibu ini, kikombe mkononi, bega kwa bega na makabaila.

Jambo moja wenye hoteli hulisema kwa sauti ya chini. Maji haya yana chumvi ya Glauber, na muuza dawa yeyote atakwambia chumvi hiyo inajulikana kwa kazi moja tu. Ndiyo maana wagonjwa wa zamani hawakwenda mbali na majengo. Sasa mchukue mtu, mnyweshe vikombe vyake vya asubuhi, mvalishe kaptula yenye sponji, mkandamize tumbo kwenye baiskeli iliyoinama, umpeleke msituni kwenye barabara ya kumtikisa. Shemeji anaiita hiyo programu ya afya. Nilipomuuliza kuhusu vyoo, alinionyesha miti.

Njia ya kwanza alisema ni ya kupasha misuli: kufuata mto Ohře kuelekea magharibi hadi Loket, mwendo wa kilomita kumi na kitu. Ni njia nzuri, nasema bila kulazimishwa. Mto uko pembeni, kivuli kipo, vilima vimekaa mbali kwa heshima. Njiani kuna miamba ya Svatošské skály, imesimama wima juu ya maji, na wenyeji husimulia kuwa ni msafara wa harusi uliogeuzwa mawe. Niliwatazama bibi na bwana harusi wale kwa wivu. Wameruhusiwa kusimama.

Loket ni kimji kilichokaa juu ya mwamba, mto umekizunguka karibu pande zote, na ngome yake iko kileleni. Hapo Goethe alisherehekea miaka yake 74, Agosti 1823, akiwa na familia ya binti aitwaye Ulrike von Levetzow, mwenye umri wa miaka 19. Mzee alikuwa amepagawa. Alituma posa, na mshenga aliyemtuma hakuwa mtu wa mchezo, ni Karl August, mtawala wa Weimar. Posa haikujibu. Ukifikiri vizuri utaona kuwa mtu huyo alikuja kutibiwa, akaondoka na ugonjwa mwingine. Nilitaka tukae pale kwenye baraza la mgahawa tulizungumze suala hilo kwa kina, na glasi ya Kofola, soda yao nyeusi ya tangu enzi za ukomunisti. Lakini shemeji alikuwa amenuna. Kisa? Kipande kirefu cha njia ya mtoni kimewekwa lami. Nimeishi nikamwona mtoto wa Mombo akilalamikia lami.

Njia ya pili tuliipata nyuma ya hoteli, kwenye misitu ya vilima vinavyouzunguka mji. Juu kuna mnara uitwao Diana, na tangu 1912 kuna kibehewa kinachovutwa kwa kamba kutoka chini hadi huko. Watu wameketi, wamepakata mabegi, wanapanda. Mama watoto alikuwa miongoni mwao. Alinipungia mkono dirishani. Sisi tulikwenda kwa kujipinda katika njia za msituni, mimi nikisukuma zaidi kuliko kupanda, na tulipofika juu alikuwa ameshamaliza keki. Sina la kuongeza kuhusu njia ya pili.

Kupotea nako hakuwezekani, na hili ni shtaka langu kubwa dhidi ya Wacheki. Wana klabu ya watembea kwa miguu iliyoanzishwa 1888, na tangu mwaka uliofuata imekuwa ikipaka rangi kwenye miti na mawe: mstari mwekundu, wa buluu, wa kijani au wa njano katikati ya mistari miwili myeupe. Njia zilizopakwa hivyo nchini mwao zinapita kilomita 40,000. Za baiskeli zina vibao vyake vya njano. Juu ya hayo kuna ramani yao ya simu, Mapy, inayojua hata vichochoro ambavyo ngedere wangesita kuvipita. Mtu anayetaka kusema “nilidhani njia inarudi hotelini” atasemaje? Kisingizio changu kilikufa siku ya kwanza.

Na barabara zenyewe za msituni, zile zinazoitwa mbovu, sasa niseme ukweli unaouma. Zimeshindiliwa. Zina mitaro. Zina makalavati, na maji yanapita yalikoelekezwa. Kokoto zake ni ndogo, za ukubwa mmoja, zimetandazwa kwa mpango. Kwetu kipande kama kile mhandisi wa wilaya angekizindua kwa utepe na ngoma, halafu kamati ingepigana kuhusu posho. Hii ndiyo rafu rodi ambayo watu husafiri kutoka nchi nyingine kuja kuteseka juu yake.

Njia ya tatu ndiyo iliyokuwa shabaha ya shemeji tangu mwanzo: milima ya Krušné hory, kaskazini, mpakani na Ujerumani. Kilele cha juu, Klínovec, kina mita 1,244, na mji wenyewe mtoni uko chini ya mita 400. Fanya hesabu hiyo ukiwa umeketi. Mimi nilikuwa nimefanya utafiti wangu wa siri. Kutoka stesheni ya chini ya Karlovy Vary kuna treni inayopanda milima hiyo tangu 1899, na inasimama Pernink, mita 902 juu ya usawa wa bahari. Baiskeli inapakiwa.

“Shemeji, kupanda treni ni kudanganya,” akasema.

“Kumdanganya nani? Mlima?”

“Kujidanganya mwenyewe.”

“Mimi mwenyewe sijalalamika.”

Mama watoto ndiye aliyeamua, kama ilivyo kawaida ya nyumba zenye amani. Alisema anaenda na treni, na mwanamume atakayefika Pernink amechelewa atajitafutia chakula chake. Shemeji alipakia baiskeli bila neno.

Baada ya Pernink unafika Horní Blatná, na kutoka hapo kuna jambo lililonifurahisha kuliko yote. Kati ya 1540 na 1544 wachimba madini walichimba mfereji wa kilomita kama 12 kuleta maji kutoka kwenye vinamasi vya Boží Dar hadi kwenye migodi ya bati ya Horní Blatná. Maji hayapandi mlima, hivyo mfereji unazunguka kila kilima kwa mwinamo ambao macho hayauoni. Njia za msituni zilizo jirani nao ni tulivu, misonobari kulia na kushoto, na matunda madogo ya zambarau iliyokolea yamejaa vichakani. Watu wale wa karne ya 16 walikuwa na kazi ya kufanya, wakaviepuka vilima vyote kwa werevu mkubwa. Karne tano baadaye anakuja shemeji na simu yake, anatazama njia hiyo tambarare, anasema: “Haina mita za kupanda.” Nikamwambia wachimba madini wangemsikia wangemwacha ndani ya mgodi.

Boží Dar, mita 1,028, ndio mji ulio juu kuliko yote Ucheki. Tulikula maandazi yao ya kuchemsha yaliyojazwa yale matunda ya porini na kumwagiwa siagi, na kwa dakika chache nilikubaliana na kila kitu. Kisha Klínovec. Sitaisimulia. Kuna kiti cha kamba kinachopanda kutoka upande wa Jáchymov, kimejaa watu wenye akili timamu, baadhi wamebeba baiskeli zao kwa ajili ya kuteremka tu. Sikuwasalimia.

Mteremko wa kwenda Jáchymov uliniacha mikono imekufa ganzi. Kokoto huzungumza na usukani, usukani huzungumza na vifundo, vifundo huzungumza na meno. Nilikuwa nimeanza kuandaa hotuba ya kumpa shemeji, kuhusu kiti, kuhusu kaptula, kuhusu ukoo wao kwa ujumla, mpaka tulipofika mjini.

Jáchymov ni mji mdogo katika bonde lenye giza. Madini ya urani ya hapo ndiyo Marie na Pierre Curie waliyoyachambua mpaka wakaitambua rediamu mwaka 1898. Kufikia 1906 watu walikuwa wanaoga kwenye maji yake yenye radoni, na bado wanaoga: unakaa kama dakika 20, unatoka, unafungiwa shuka, unalala. Kuna njia ya kutembea inayopanda juu ya mji, na jina lake ni Jehanamu ya Jáchymov. Inapita mahali palipokuwa na kambi ambamo, baada ya wakomunisti kushika nchi 1948, maelfu ya wafungwa wa kisiasa walichimbishwa urani ya kupelekwa Umoja wa Kisovieti. Walimu, mapadri, wakulima, wanajeshi waliopigana upande wa Waingereza. Mmoja wa migodi waliyoteseka ndani yake, Svornost, ndio ambao leo unatoa maji ya wageni kuogea.

Hotuba yangu niliimeza. Maumivu ambayo unaweza kuyashukia njiani, ukayaegemeza ukutani na kuagiza chai, hayo si maumivu, ni burudani, na mtu asiyelazimishwa ana uhuru hata wa kunung'unika. Uhuru huo niliutumia tena kuanzia mji wa Ostrov, njiani kurudi Karlovy Vary, kwa sababu upepo ulikuwa wa mbele.

Tuliporudi, saa ya shemeji ilipiga kelele. Ilikuwa imemaliza mahesabu yake ya moyo, jasho na vilima, na ikamwandikia kwenye kioo kwamba mwili wake unahitaji kupumzika siku mbili. Mashine ya hela zote zile imezunguka milima ya Ucheki ili igundue jambo ambalo mama yangu angemwambia mlangoni, bure.

Kwa hiyo, msomaji, ukijaliwa kufika huko, ushauri wangu ni huu. Loket nenda na baiskeli, lakini udai chakula cha mchana kirefu. Diana panda kwa kamba. Milimani panda kwa treni hadi Pernink, fuata mfereji, na mtu akikutajia Klínovec mwambie umeshaiona kwenye picha. Maji ya tiba kunywa baada ya baiskeli, kamwe usiyanywe kabla. Na usikubali kupigwa picha ukiwa umevaa ile kaptula, maana Lushoto kuna intaneti.

Nilidhani yameisha. Juzi shemeji amepiga simu, sauti imejaa asali. Amegundua kuwa tangu 2021 kuna mashindano ya graveli Maasai Mara, upande wa Kenya, siku nne, zaidi ya kilomita 600 za vumbi, na Wazungu wanatoka kwao kuja kulipa ada ya kupita humo. “Ni jirani na nyumbani, shemeji,” akasema. Nikamwambia nimekubali, kwa sharti moja: mimi nitakuwa dereva wa gari la huduma, kwenye kiti chenye mgongo, na kiyoyozi kikiwaka. Akasema wazo ni zuri sana, ila dereva mzuri ni yule aliyeikagua njia mapema, na njia ya namna hiyo, shemeji, hukaguliwa kwa baiskeli.